Skrini imekubali, shaba imekataa: Programu ipi ya kuchorea bodi imfae anayeanza?

Mashine ndogo ya kuchonga imenyamaza. Mwanafunzi anapuliza vumbi, anabandua kipande cha bodi kwenye gundi iliyokishikilia, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Saketi yenyewe haina makuu: IC moja aina ya LM358, kihisi mwanga, rezista chache na taa ya LED inayotakiwa kuwaka giza likiingia. Kwenye skrini ilipendeza.

Kwenye shaba ni habari nyingine. Njia mbili zimeliwa na sindano ya mashine mpaka zimekatika. Upande wa pili, visahani viwili vya shaba ambavyo havikupaswa kugusana vimebaki vimeshikana. Anapoijaribu IC mahali pake, anagundua kubwa zaidi: bodi imetoka kinyumenyume, mguu wa 1 umeangukia ulipopaswa kuwa wa 8.

Mashine imefanya ilichoagizwa, na mchoro wa saketi ni sahihi. Tatizo limezaliwa katikati, ndani ya programu ya kuchorea bodi, au tuseme katika vipimo ambavyo programu hiyo ilikuja navyo na ambavyo hakuna aliyemwambia mwanafunzi avibadilishe.

Hayo ni masaibu ya kawaida kwa kila anayeanza kuchapa bodi za saketi mezani. Huanza kwa kuuliza mashine ipi ni nzuri. Swali la programu huja baadaye, mara nyingi baada ya bodi kadhaa kutupwa.

Kutoka pasi hadi printa

Bodi ya saketi iliyochapwa si jambo la jana. Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia London, alitengeneza redio yenye bodi ya namna hiyo mwaka 1936. Wazo ni lile lile hadi leo: badala ya kuunganisha vifaa kwa waya mmoja mmoja, njia za umeme zinabaki kama utepe mwembamba wa shaba juu ya ubao usiopitisha umeme. Kwenye bodi za kawaida shaba hiyo ina unene wa maikromita 35 tu, na ubao wote ni milimita 1.6.

Mafundi na wanafunzi wamekuwa wakijitengenezea bodi hizi nyumbani kwa miaka mingi. Mchoro unachapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa, unahamishiwa kwenye shaba kwa pasi ya nguo, kisha bodi inatumbukizwa kwenye feri kloridi ili shaba isiyofunikwa iyeyuke. Njia hiyo ni rahisi kwa gharama na hadi leo ina wenyewe. Ina uchafu wake pia: doa la feri kloridi kwenye shati halitoki, na maji yake yaliyotumika si ya kumwagwa kwenye sinki.

Katikati ya muongo uliopita zikaja mashine za mezani. Mwaka 2013 kampuni ya Marekani ilichangisha fedha mtandaoni kuizindua Othermill, mashine ndogo inayochonga shaba kwa sindano. Mwaka 2015 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wakaleta Voltera V-One, na mwaka huo huo wakatwaa tuzo ya James Dyson. Hii haichongi. Inachora njia kwa wino wenye chembe za madini ya fedha, inaukausha wino huo kwa joto, kisha inaweka risasi ya kuchomea penye vituo vya vifaa.

V-One inauzwa kwa maelfu ya dola, hivyo wengi huishia kuiona kwenye video. Mashine ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifikia ni zile za kuchonga kutoka China zinazojulikana kwa namba 3018, ambazo hupatikana kwa chini ya dola 300 kabla ya usafiri. Katikati ya hizo mbili zipo mashine za karakana za pamoja. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kina Fab Lab iliyo katika mtandao wa karakana ulioanzia MIT, Marekani, na katika mtandao huo kuchonga bodi yako mwenyewe ni sehemu ya mafunzo ya msingi.

Kiwanda kitakubali, meza yako haitakubali

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo mafunzo mengi ya mtandaoni yanapopita haraka.

Programu karibu zote za kuchorea bodi zimetengenezwa zikimfikiria mtu atakayetuma kazi yake kiwandani. Kiwanda cha kawaida huko Shenzhen, China, kinatengeneza njia ya shaba yenye upana wa milimita 0.15 au chini yake bila kutoa jasho. Kinatoboa matundu na kuyapaka shaba ndani, ili umeme upite kutoka upande wa juu kwenda wa chini. Kinafunika bodi kwa rangi inayozuia risasi isisambae.

Mashine yako ya mezani haifanyi hata kimoja kati ya hivyo.

Chukua sindano ya kuchongea yenye ncha ya milimita 0.1 na pembe ya nyuzi 30. Ikizama milimita 0.1 ndani ya bodi, inakata mfereji wa takriban milimita 0.15. Ila bodi haijanyooka kama kioo. Ikiwa upande mmoja umeinuka kwa milimita 0.2, pale sindano itazama milimita 0.3, na mfereji utapanuka kufikia milimita 0.26. Upana ulioongezeka haukutoka hewani. Umetoka kwenye njia zako za shaba, kila upande umemegwa kidogo. Njia ya milimita 0.2 iliyokuwa ya kutosha kiwandani inageuka uzi, na uzi huo unakatika ukiugusa kwa pasi ya kuchomea.

*Mwinuko wa milimita 0.2 kwenye bodi unatosha kuharibu kazi ya siku nzima, na programu haitakuonya kama hukuiambia.*

Dawa yake ni ya kuandika namba mbili tu kabla ya kuanza kuchora: upana wa njia na mwachano kati ya njia na njia. Kwa mashine ya bei nafuu, njia ya milimita 0.4 au 0.5 na mwachano usiopungua 0.3 ni mwanzo salama. Inawezekana? Hesabu inasema ndiyo. Miguu ya IC ya kawaida, kama ile LM358, imeachana kwa milimita 2.54. Visahani vyake vikiwa na upana wa milimita 1.6, katikati panabaki 0.94. Hapo unaweza kupenyeza njia moja, ukiipunguza mahali hapo tu hadi 0.3, na ukabaki na 0.32 kila upande. Ya pili haipiti. Ukishajua hivyo unaacha kupigana na bodi, unazungusha njia kwa nje.

Matundu nayo yana kesi yake. Kwa kuwa hayana shaba ndani, bodi ya pande mbili inakulazimu kupitisha kipande cha waya kwenye kila tundu la kuvukia na kukichomea juu na chini. Soketi au kiunganishi kinachokaa bapa juu ya bodi hakichomeki upande wa juu, kwa sababu plastiki yake imeziba. Anayeanza afanye bodi ya upande mmoja, shaba chini, na pale njia zinapogongana aruke kwa waya. Redio na televisheni za zamani zilizojaa kwenye vibanda vya mafundi zimejengwa hivyo hivyo, na baadhi yake zinafanya kazi bado.

Lipo na la kinyumenyume. Unapochora shaba ya upande wa chini, programu inakuonyesha kana kwamba unaitazama ukiwa juu, ukiona kupitia ubao. Kwa njia ya pasi, mchoro huo unachapwa ulivyo, kwa kuwa karatasi itageuzwa wakati wa kupiga pasi. Kwa mashine ya kuchonga, lazima ugeuzwe kwanza, kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu sindano inaikabili shaba moja kwa moja. Faili ni lile lile, ila matibabu ni mawili. Kwa wino wa V-One, ambako vifaa vinakaa upande ule ule uliochapwa, hakuna kugeuza kitu.

Kwa hiyo programu inayomfaa anayeanza lazima ipimwe kwa mambo yasiyoonekana kwenye tangazo. Je, inaruhusu namba hizo zibadilishwe kwa urahisi, na ikague kazi yote kwa namba hizo? Je, inatoa faili za Gerber, mtindo ambao karibu kila kiwanda duniani na programu za kuandalia kazi za mashine hupokea? Na je, faili lako litafunguka miaka mitano ijayo?

Hilo la mwisho lilikuwa likichukuliwa kwa wepesi, mpaka yalipoikuta EAGLE.

EAGLE: programu iliyopangiwa siku

Kwa zaidi ya miongo miwili, ukimuuliza mpenda elektroniki anatumia programu gani, jibu lilikuwa EAGLE. EAGLE ilitoka Ujerumani mwaka 1988, kazi ya kampuni ndogo iitwayo CadSoft. Toleo lake la bure lilikuruhusu bodi ya milimita 100 kwa 80 yenye tabaka mbili. Kwa anayejifunza, huo ni uwanja mpana.

Ikawa lugha ya pamoja. Waliounda Arduino Uno walipotoa michoro yake hadharani ili kila mtu aisome, waliitoa kwa EAGLE. Maduka ya Marekani ya Adafruit na SparkFun, ambayo wengi wa wanaojifunza elektroniki wamepita kwenye kurasa zao, yalifanya hivyo pia. Kujua EAGLE kulikuwa ni kuweza kufungua kazi za wengine.

Kisha programu ikaanza kubadilisha wenyewe. Mwaka 2009 ilinunuliwa na kundi la Premier Farnell la Uingereza. Mwaka 2016 ikauzwa kwa Autodesk ya Marekani. Januari 2017 leseni ya kununua mara moja ukaimiliki iliondolewa, ikaletwa ya kulipia kwa mwezi au kwa mwaka. Juni 2023 Autodesk ikatangaza kwamba 7 Juni 2026 ndiyo mwisho wa EAGLE, na kwamba watumiaji wahamie Fusion, programu yake kubwa ya usanifu ambayo ndani yake kuna sehemu ya elektroniki.

Fusion ina toleo la bure kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, nalo limewekewa mipaka ya EAGLE ya zamani: tabaka mbili, sentimita za mraba 80. Ni programu nzuri, hasa kama unataka kuchora na kasha la plastiki la kifaa chako humo humo. Lakini inahitaji kompyuta yenye nguvu, akaunti, na intaneti. Na mwenye mali ni yule yule aliyeamua tarehe ya mwisho wa EAGLE.

Kilichowaokoa watumiaji wa EAGLE ni uamuzi wa kiufundi uliofanywa kabla Autodesk haijafika. Kuanzia toleo la 6, faili za EAGLE zilihifadhiwa kwa maandishi ya XML, yanayosomeka na programu nyingine yoyote itakayochukua shida ya kuyasoma. Ndiyo maana kazi za miaka ile hazikufa na programu. Kama CadSoft wangebaki na mtindo wao wa siri, leo kungekuwa na maktaba nzima ya michoro isiyofunguka.

Upande wa kwanza: aanze na kinachofurahisha

Walimu wengi wa wanaoanza watakwambia hayo ya faili na wamiliki ni ya wakubwa. Mtoto wa sekondari aliyeshika rezista kwa mara ya kwanza anahitaji kuona matokeo siku hiyo hiyo. Wao huelekeza kwenye Fritzing.

Fritzing ilianza mwaka 2007 katika Chuo cha Sayansi Tumizi cha Potsdam, Ujerumani, na haikukusudiwa wahandisi. Ilikusudiwa wasanii na wabunifu waliotaka kutumia Arduino. Ukiifungua unaona picha ya bredibodi yenye matundu yake, unaburuta LED, rezista na waya wa rangi, unaviweka kama ulivyovipanga mezani. Kwenye dirisha la pili kuna mchoro wa saketi, la tatu bodi yenyewe. Kila ulichokiunganisha kwenye picha kinahesabiwa kote.

Ina jambo moja ambalo wakubwa wangefaa kuiga: inaweza kutoa moja kwa moja faili la PDF lililo tayari kwa kazi ya pasi na kemikali, mbali na faili za Gerber. Msimbo wake ni huria, ingawa kwenye tovuti yake utaombwa malipo madogo ili kupakua.

Udhaifu wake unajitokeza siku ya kifaa kisichokuwemo. Ukiwa na rilei au soketi uliyoipata Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, ambayo maktaba ya Fritzing haiijui, kuiongeza kunahitaji kuchora picha zake kwa programu nyingine na kuziunganisha kwa utaratibu unaochosha. Pia wanafunzi wake huzoea picha ya bredibodi, na wengi hawafiki kuusoma mchoro wa saketi. Asiyesoma mchoro wa saketi hawezi kurekebisha kifaa cha mwenzake.

Upande wa pili: bonyeza, kiwanda kitaleta

Kundi jingine linatetea EasyEDA, programu ya China inayofunguka ndani ya kivinjari. Huhitaji kuipakua ili kuanza. Unajisajili, unachora. Maktaba yake ni kubwa mno kwa sababu imeunganishwa na duka la vifaa la LCSC, na kitufe cha kuagiza kinakupeleka JLCPCB, kiwanda ndugu, ambacho kwa miaka kimetangaza bodi 5 zisizozidi sentimita 10 kwa 10 kwa dola 2 kabla ya usafirishaji.

Kwa bei hiyo mtu anaweza kuuliza: ya nini kuchapa mezani? Swali ni la haki. Jibu lake ni kusubiri. Bodi ya dola 2 ina gharama ya kusafiri, ina siku za njiani, na inaweza kukwama forodhani. Ukigundua kosa, unaanza upya. Bodi ya mezani ikikosewa asubuhi inachongwa tena mchana. Kwa anayejifunza, kukosea mara tatu ndani ya siku moja kuna thamani zaidi kuliko kupata bodi safi baada ya wiki kadhaa.

EasyEDA inatoa Gerber bila kukulazimisha kununua kwao, hilo lisemwe wazi. Vipimo vya njia na mwachano vinabadilishika. Shida zake ni mbili. Ya kwanza ni bando: programu iliyolelewa kwenye kivinjari inamtaka mtu mwenye intaneti ya uhakika, ingawa toleo lake la Pro lina namna ya kufanya kazi bila mtandao ukilisakinisha kwenye kompyuta. Ya pili ni maktaba yenyewe. Sehemu yake imechangiwa na watumiaji, na mtumiaji anaweza kukosea nafasi ya miguu. Kabla ya kuchonga, chapa bodi kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, kisha simamisha vifaa juu yake. Karatasi moja inaokoa bodi nzima, kwa programu yoyote.

Upande wa tatu: bega kwa bega na mlima

KiCad ndiyo ambayo watu huogopa. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo huko Grenoble, Ufaransa. Kwa miaka mingi ilikuwa kitu cha wenye subira. Mambo yalibadilika pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilipoamua kuichangia kwa sababu kilitaka michoro ya vifaa vyake isomwe na yeyote bila kununua leseni. Kutoka huko kikaja kichoraji njia kinachosukuma njia nyingine zipishe unapopita. Mwaka 2019 mradi ukaingia chini ya Linux Foundation.

Ni huria kikamilifu. Haina kikomo cha ukubwa wa bodi, cha tabaka, wala cha biashara. Inakaa kwenye Windows, Linux na Mac, na baada ya kusakinishwa haihitaji intaneti tena. Faili zake ni maandishi yanayosomeka. Kuanzia toleo la 5, la mwaka 2018, inafungua kazi za EAGLE. Toleo la 8, la mwaka 2024, liliongeza uwezo wa kufungua za EasyEDA.

Sasa lawama zake. Kuipakua kunakula zaidi ya gigabaiti moja, na kwa mwenye bando la wiki hilo ni jambo la kupanga. Inakulazimisha ufuate hatua: mchoro wa saketi kwanza, kisha kila kifaa kipewe umbo la miguu yake kwenye bodi, kisha ndipo upange. Hapo kwenye maumbo ya miguu ndipo wengi hukata tamaa, kwani rezista moja ina orodha ndefu ya maumbo na majina yake yamejaa namba. Haina kitufe chake cha kuchora njia zenyewe. Utalazimika kuongeza programu nyingine kwa kazi hiyo.

Hilo la kitufe sihesabu kuwa hasara. Kitufe cha kuchora njia zenyewe ni kishawishi kibaya kwa bodi ya upande mmoja. Kinakupa njia zinazozunguka nyumba nzima kutafuta mlango, na anayeanza hajifunzi kwa nini kifaa hiki kikae karibu na kile.

*Bodi ya vifaa kumi ichorwe kwa mkono. Ndiyo darasa lenyewe.*

Kuna programu nyingine zinazostahili kutajwa. DipTrace, iliyotengenezwa na Novarm ya Ukraine, ni tulivu na rahisi kushika, na toleo lake la bure linaishia miguu 300. LibrePCB ni huria na nyepesi, ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2023, ila maktaba yake bado ni changa. Altium ni ya makampuni. Kampuni ya Renesas ya Japani ilipoinunua mwaka 2024 ilitoa takriban dola bilioni 5.9, na bei hiyo pekee inakwambia haikutengenezwa kwa ajili ya karakana ya shule.

Hukumu

Nimeweka pande zote mezani, na mwandishi asiyesema anachokiona anawapotezea watu muda. Kwa anayetaka kuchapa bodi mezani na anayekusudia kuendelea, jibu ni KiCad, tangu siku ya kwanza.

Hoja ya urahisi ina nguvu, lakini inahesabu saa ya kwanza tu. Fritzing itakupa furaha ya alasiri moja, na kwa warsha ya siku moja ya watoto ningeichagua bila kusita. Baada ya bodi ya pili utataka kuongeza kifaa kisichokuwemo, na utalazimika kuanza kujifunza upya. EasyEDA inamfaa mwenye intaneti nzuri ambaye mwishowe ataagiza kiwandani. KiCad inakusumbua mwanzoni, kisha inabaki na wewe kutoka taa ya LED hadi bodi ya tabaka nne, bila mtu kukutumia barua pepe ya kukuambia siku yako imefika.

Tena ukali wake wa hatua ndio unaomsaidia anayechapa mezani. Ina mkaguzi anayepitia bodi nzima na kukuonyesha kila mahali njia zilipokaribiana kuliko ulivyoruhusu. Ikifunguliwa mara ya kwanza, njia zake huwa za takriban milimita 0.2, kipimo cha kiwandani. Badilisha kwenye mipangilio ya bodi iwe 0.4 au 0.5, mwachano 0.3, kabla ya kuvuta njia hata moja. Mkaguzi atakuwa upande wako kuanzia hapo.

Kwa IC za miguu ya kupenyeza, chagua yale maumbo ambayo jina lake linaishia na LongPads. Visahani vyake ni virefu, risasi inapata pa kushika, na having'oki upesi kwa joto la pasi. Chora kwenye shaba ya chini. Toa Gerber na faili la matundu, yapeleke kwenye FlatCAM, programu huria inayogeuza mchoro kuwa maelekezo ya mashine, na humo ndimo utakapougeuza mchoro kama kwenye kioo. Kabla ya kukata, iache programu ya kuendeshea mashine ipime mwinuko wa bodi pointi kwa pointi kama ina uwezo huo.

Mwenye V-One atumie Gerber hizo hizo, ila asichomee kwa risasi ya kawaida ya bati na risasi. Madini ya fedha kwenye wino huyeyukia ndani ya risasi hiyo na njia hutoweka. Mashine hiyo ina risasi yake yenye bismathi, inayoyeyuka kwa joto la chini.

Na vumbi. Bodi ngumu za kijani au manjano zinazoitwa FR-4 zina nyuzi za kioo ndani yake, na vumbi lake si la kupuliza kwa mdomo. Vaa barakoa, tumia kivuta vumbi, au tafuta bodi za FR-1 zilizotengenezwa kwa karatasi na gundi ya fenoli, ambazo karakana nyingi za mafunzo huzipendelea kwa sababu hiyo.

Kwa wakuu wa vyuo vya ufundi na wenye karakana, ombi ni dogo. Mkishanunua mashine, msiishie kuifunika kwa kitambaa. Ipimeni: chongeni bodi moja yenye njia za upana tofauti, kuanzia milimita 0.2 hadi 0.6, muone ipi inasimama. Namba mtakazopata ziandikeni kwenye karatasi ibandikwe ukutani juu ya mashine, kisha tengenezeni faili tupu la KiCad lenye namba hizo ndani yake, na kila mwanafunzi akabidhiwe nakala kwa flashi kabla hajaanza kuchora.